VINA, MAANA NA MATUMIZI YA MANENO YA KIINGEREZA YA KILA SIKU

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na sahaba zake wote. Ama baad.

 Katika somo hili tumekusudia kuzungumzia lugha ya Kiingereza. Huenda mzazi akauliza: Kiingereza kinatafuta nini katika jarida la madrasa? Jibu lake ni kwamba vijana wetu wengi husoma shule za msingi za serikali kwa Kiswahili miaka yote, kisha wakiingia kidato cha kwanza hukuta masomo karibu yote yanafundishwa kwa Kiingereza. Kijana aliyekuwa hodari wa hesabu hapa Morogoro huanza kushindwa, si kwa kuwa hajui hesabu, bali hajui anaulizwa nini. Na sisi wazazi husoma maandishi ya Kiingereza kwenye chupa ya dawa na pakiti ya chakula, tukakisia tu.

Kujifunza lugha ya watu wengine si jambo geni katika dini yetu. Mtume (S.A.W.) alimwamrisha Zayd bin Thabit (R.A.) ajifunze lugha na maandishi ya wengine, naye akajifunza kwa muda mfupi. Na katika Surat Rum, aya ya 22, kutofautiana kwa lugha zetu kumetajwa kuwa ni miongoni mwa ishara za Mwenyezi Mungu. Basi tuanze.

1. KINA CHA KIINGEREZA KIKO SIKIONI

Sisi watu wa Kiswahili tunajua vina tangu utotoni kwa sababu ya kaswida na mashairi. Kalamu, karamu na salamu vina kina kimoja, "mu". Tunatazama silabi ya mwisho, na tukiiona imeandikwa sawa, basi inasomeka sawa.

Kiingereza hakiendi hivyo. Kwanza, kina chake huanzia kwenye irabu ile inayotiwa mkazo, kikaenda mpaka mwisho wa neno. Kwa hiyo "cat" na "hat" vina kina. Lakini "water" na "butter", ingawa yote yanaishia na "ter", hayana kina, kwa kuwa sauti yenye mkazo ni tofauti. "Water" lina kina na "daughter", yaani binti, ijapokuwa maandishi yake yanatofautiana.

Pili, macho hudanganya. Tazama maneno haya matatu ya nyumbani: "food" ni chakula, "good" ni nzuri, "blood" ni damu. Yote yameandikwa kwa "ood". La kwanza husomwa "fuud" kwa kuvuta, la pili "gud" kwa kukata, la tatu "blad". Kisha tazama "cough", "rough", "though", "through" na "bough". Herufi nne za mwisho ni zilezile, lakini husomwa "kof", "raf", "dho", "thru" na "bau". Maandishi mamoja, sauti tano.

Kwa upande wa pili, "blue", "shoe", "two" na "through" yameandikwa kila moja kwa namna yake, na yote yana kina kimoja. Kwa hiyo mwanafunzi asijifunze neno la Kiingereza kwa macho peke yake. Alisikie, alitamke, kisha aliandike. Hivi ndivyo tunavyojifunza Qur'ani pia: mwalimu husoma, mwanafunzi hufuatisha.

2. HERUFI INAYOANDIKWA NA HAISOMWI

Wanafunzi wengi hulalamika: kwa nini neno liandikwe herufi isiyotamkwa? Lakini mwanafunzi wa madrasa asishangae. Katika Kiarabu tunaandika lamu katika "ash-shams" na hatuitamki, kwa kuwa ni lamu shamsiya. Katika "al-qamar" tunaitamka. Na tunaandika alifu baada ya wau ya wingi, kama katika "qaaluu", wala hatuisomi.

Kiingereza kina mengi ya namna hiyo. "K" haisomwi katika "knife" (kisu), "knee" (goti) na "know" (kujua). "B" haisomwi katika "lamb" (mwanakondoo), "thumb" (kidole gumba) na "debt" (deni). "L" haisomwi katika "half" (nusu), "walk" (kutembea) na "talk" (kuzungumza). "T" haisomwi katika "listen" (kusikiliza). "H" haisomwi katika "hour" (saa) na "honest" (mwaminifu).

Kuna na herufi "e" ya mwishoni. Yenyewe haitamkwi, lakini hubadili irabu iliyo mbele yake. "Kit" ni zana au vifaa, "kite" ni tiara la kurusha. "Not" ni si, "note" ni maandishi mafupi. "Plan" ni mpango, "plane" ni ndege ya kusafiria. Ukiisahau "e" hiyo umeandika neno jingine.

Neno letu kabati limetokana na "cupboard". Wazee wetu waliandika walichokisikia, wala hawakuiandika "p" ambayo Mwingereza mwenyewe haitamki. Huo ni ushahidi kwamba sikio ni mwalimu mzuri.

3. FAIDA YA TAJWIDI KATIKA KIINGEREZA

Hapa mwanafunzi wa madrasa ana mtaji ambao wengine hawana. Amefundishwa makharij, yaani mahali pa kutokea herufi, na amefundishwa madd.

Anayeijua thaa na dhali hatapata taabu na "th". Ya kwanza imo katika "three", "think" na "mouth". Ya pili imo katika "this", "that" na "mother". Asiyetofautisha husema "sink" akikusudia "think", naye amesema anazama badala ya anafikiri. Husema "mouse" akikusudia "mouth", naye amegeuza mdomo kuwa panya.

Zai na sini pia zitofautishwe. "Price" ni bei, "prize" ni zawadi ya mshindi. Vilevile "r" na "l". Wapo wanaozichanganya kwa mazoea ya lugha za nyumbani. Mwenye kusema anakula "lice" ametaja chawa. Wali ni "rice".

Katika madd, tunajua kwamba kuvuta au kukata sauti hubadili maana. "Kataba" ni aliandika, "kaataba" ni aliandikiana na mwenzake. Kiingereza nacho hivyohivyo. "Ship" ni meli, kwa kukata. "Sheep" ni kondoo, kwa kuvuta. "Fill" ni kujaza, "feel" ni kuhisi. "Full" ni iliyojaa, "fool" ni mpumbavu. Mtu akiuliza kama ndoo imejaa, afadhali asivute.

Kiswahili kina irabu tano tu, Kiingereza kina sauti za irabu zaidi ya mara tatu ya hizo. Kwa hiyo sikio letu huyakusanya pamoja maneno manne: "hat" ni kofia, "hut" ni kibanda, "heart" ni moyo, "hurt" ni kuumiza. Wengi wetu huyasoma yote "hat". Mwombe mwalimu wako wa Kiingereza ayatamke moja moja mpaka uyapambanue.

4. SAUTI MOJA, MAANA MBILI

Yapo maneno yanayosomwa sawasawa na maana zake ziko mbali. "Sun" ni jua, "son" ni mwana wa kiume. "Meat" ni nyama, "meet" ni kukutana. "Flour" ni unga, "flower" ni ua. "Hear" ni kusikia, "here" ni hapa. "See" ni kuona, "sea" ni bahari, ile ambayo mji wetu umeambiwa umeikosa, Morogoro mji kasoro bahari.

Yapo pia maneno yanayoandikwa na kusomwa sawa, na maana zake ni nyingi. "Spring" ni chemchemi, kama zile za milima ya Uluguru zinazolisha Mto Morogoro na Mto Ruvu. Lakini "spring" ni springi ya kitanda pia, na ni majira ya mwaka ya nchi za baridi. "Bank" ni benki, na ni ukingo wa mto. "Light" ni nuru, na ni kitu chepesi. "Right" ni kulia, ni sahihi, na ni haki. "Mean" ni kumaanisha, katika hesabu ni wastani, na kwa tabia ni mtu bahili. Usishike maana ya kwanza uliyoisoma. Soma sentensi nzima kwanza.

Na wakati mwingine Kiswahili ndicho chenye utajiri. Mkulima wa Kilombero ana mpunga shambani, mchele gunia, na wali sahani. Kwa Kiingereza yote matatu ni "rice". Mwanafunzi anayetafsiri "rice" lazima ajiulize kimeshafikia wapi: shamba, soko au jiko.

5. MANENO YALIYOTOKA KWETU

Kiingereza kimechukua maneno mengi ya Kiarabu, na mengine tunayo pia katika Kiswahili. "Sugar" na sukari vimepitia neno moja la Kiarabu, sukkar. "Coffee" na kahawa ni qahwa. "Zero" na sifuri ni sifr. "Cotton", yaani pamba, ni qutn. "Sofa" limetokana na suffa, neno lile tunalolijua katika Ahlu Suffa, masahaba maskini waliokaa katika Msikiti wa Mtume (S.A.W.) Madina. Hata neno "magazine", maana yake jarida kama hili, asili yake ni makhazin, yaani maghala.

"Algebra", somo linalowatisha vijana wa sekondari, ni al-jabr, kutoka katika jina la kitabu cha Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, mwanachuoni wa Baghdad wa karne ya 9. Jina lake mwenyewe ndilo lililozaa neno "algorithm" linalotumika katika kompyuta. Kijana akifungua daftari la aljebra na akumbuke kwamba anasoma elimu iliyoandikwa na Muislamu. Na Kiswahili nacho kimekipa Kiingereza neno "safari".

Lakini tuwe na hadhari na maneno tuliyoazima, kwani mengine yamebadilika yakiwa mikononi mwetu. Hoteli kwetu ni mahali pa kula, lakini "hotel" ni mahali pa kulala, na pa kula ni "restaurant". Trafiki kwetu ni askari wa barabarani, lakini "traffic" ni magari yanayopita barabarani. Kipilefti kimetokana na "keep left", yaani pita kushoto. Ukimwelekeza mgeni useme "roundabout".

6. MATUMIZI: USITAFSIRI NENO KWA NENO

Makosa mengi ya Kiingereza hayatoki kwenye Kiingereza, hutoka kwenye Kiswahili chetu tulichokivalisha nguo nyingine.

Kuazima. Sisi husema "niazime kalamu" na "nimeazima kalamu" kwa neno moja. Waingereza wana mawili. Anayetoa ni "lend", anayepokea ni "borrow". Kwa hiyo sema "lend me your pen", usiseme "borrow me".

Kusikia. Sisi husikia sauti, harufu, njaa na baridi. Kwa Kiingereza "hear" ni ya sauti tu. Harufu ni "smell". Kwa njaa na baridi husemwa "I am hungry" na "I feel cold".

Kupiga. Sisi hupiga simu, pasi, mswaki, picha na kelele. Ukisema "beat" kwa yote hayo utaonekana mgomvi. Kila moja ina neno lake: "call", "iron", "brush", "take a photo" na "shout".

Kiambishi "ni". Mezani, mfukoni na sokoni sisi tunatia "ni" tu, basi. Kiingereza hugawa: "on the table" kwa kilicho juu, "in the bag" kwa kilicho ndani, "at the market" kwa mahali. Mama akikutuma Soko Kuu la Chifu Kingalu, jiulize kila kitu kiko wapi: karoti za Mgeta ziko juu ya meza ya muuzaji, iliki na mdalasini wa Matombo vimo ndani ya mfuko, nawe uko sokoni. Hilo ni zoezi tosha.

Yeye. Kiswahili hakitenganishi mwanamume na mwanamke hapa. Kiingereza hutenganisha, "he" na "she". Kumbuka huwa na hiya katika Kiarabu, hutakosea.

Saa. Saa mbili asubuhi kwa Kiingereza ni "eight o'clock". Tofauti ni saa sita. Mtihani ulioandikwa 8:00 asubuhi huanza saa mbili yetu. Na tiketi ya treni ya SGR, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwaka 2024, husomwa kwa hesabu hiyo. Treni haimsubiri aliyekosea kusoma.

7. MANENO YA DAWA, CHAKULA NA HATARI

Sehemu hii tunawaomba wazazi waisome pamoja na watoto.

Kwenye dawa: "once daily" ni mara moja kwa siku, "twice daily" ni mara mbili. "Twice" lina kina na "rice", litashikika kwa urahisi. "Shake well" ni tikisa sana. "Shake" lina kina na "take", yaani tumia: tikisa kwanza, ndipo unywe. "For external use only" ni dawa ya nje tu, isinywewe. "Keep out of reach of children" ni iwekwe mbali na watoto. "Expiry date" ni tarehe ya mwisho wa matumizi. Na muhimu kuliko yote, "teaspoon" ni kijiko cha chai, mililita 5. "Tablespoon" ni kijiko kikubwa, mililita 15. Ukichanganya hayo mawili umempa mtoto dawa mara tatu ya kipimo chake.

Kwenye chakula: "jam" na "ham" vina kina kimoja na vinatofautiana herufi moja tu. "Jam" ni jemu ya matunda, ni halali yako. "Ham" ni nyama ya nguruwe. "Pork" na "bacon" pia ni nyama ya nguruwe, na "lard" ni mafuta yake. "Gelatine" huweza kutoka kwa ng'ombe au nguruwe, kwa hiyo uliza au tafuta alama ya halali. Lakini tusiharamishe kwa kukisia: "hamburger" halikutokana na "ham", limetokana na mji wa Hamburg wa Ujerumani. Linalotazamwa ni nyama iliyomo ndani na namna ilivyochinjwa.

Kwenye hatari: "danger" ni hatari, "poison" ni sumu, nayo huandikwa hata kwenye chupa za dawa za mashambani. "Flammable" ni kinachoshika moto upesi. Na "inflammable", ingawa lina "in" mbele, si kinyume chake. Maana yake ni ileile, kinashika moto upesi. Watu wa Morogoro hatuna haja ya kuelezwa moto wa mafuta ni nini. Tarehe 10 Agosti 2019 lori la petroli lilianguka na kulipuka Msamvu, na zaidi ya watu 100 wakapoteza maisha. Mwenyezi Mungu awarehemu. Ukiliona neno hilo kwenye tangi, kaa mbali, na umwambie asiyejua kusoma.

8. MANENO YA MTIHANI

"List" na "mention" ni taja tu, usiandike insha. "Describe" ni eleza kilivyo. "Explain" ni fafanua, utoe na sababu. "Compare" ni linganisha. "At least three" ni zisizopungua tatu. "At most three" ni zisizozidi tatu. "Except" ni isipokuwa. Katika hesabu, "difference" ni jibu la kutoa, na "product" ni jibu la kuzidisha, ingawa sokoni "product" ni bidhaa. "Table" ni meza nyumbani, ni jedwali darasani. Mwenye kuyajua haya ameshavuka nusu ya mlima kabla hajaanza kujibu.

9. ZOEZI

(a) Chagua neno lenye kina na la kwanza:
1. Said: paid, bed, made.
2. Great: meat, late, heat.
3. Word: lord, bird, cord.
4. Heart: ear, part, hurt.

(b) Sahihisha:
1. Borrow me your ruler.
2. I hear hunger.
3. My mother is sick. He is in bed.
4. The book is at the table. (Kitabu kiko juu ya meza.)

Majibu ya (a): bed, late, bird, part. Majibu ya (b): Lend me your ruler. I am hungry. My mother is sick. She is in bed. The book is on the table.

MWISHO

Ndugu mwanafunzi, usitake kuyameza haya kwa usiku mmoja. Chukua maneno matano kila siku: yatamke kwa sauti, yatafutie kina, yatungie sentensi. Kamusi ya Kiingereza-Kiswahili ya TUKI iliyotoka mwaka 1996 itakusaidia. Mkiwa wawili au watatu baada ya swala ya alasiri, ulizaneni. Na aliye mbele amvute aliye nyuma, asimcheke anapotamka, kwani kicheko kimewanyamazisha wengi waliokuwa na akili nzuri.

Katika mji huu kipo Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro, kilichoanza kupokea wanafunzi mwaka 2005. Tunataka watoto wa madrasa yetu wafike hapo na kwingineko, wakiwa na Qur'ani kifuani na lugha ya elimu ulimini. Lugha ni chombo tu. Kitumie kwa kheri, useme nacho kweli, wala kisikusahaulishe salamu yako.

Mwenyezi Mungu atuzidishie elimu yenye manufaa. Amin.

Wabillahi tawfiq.